Mkono Usiopakwa Mafuta

Mama yangu alikaa miaka mingi akipaka mafuta mkono mmoja. Wa kulia. Wa kushoto aliuacha upauke, ukachanikachanika kwenye kiwiko na kwenye vifundo vya vidole, ukawa kama ukuta wa udongo ambao haujasiribwa. Wala hakuwa akisahau. Kila asubuhi alikaa mlangoni, kopo katikati ya mapaja, akapaka uso, akapaka shingo, akapaka miguu mpaka nyayo, akaupaka mkono wa kulia mpaka kwenye kucha, kisha akalifunga kopo taratibu. Nikiwa nimekuja nyumbani, alingoja kwanza nikae mbele yake na kikombe changu cha chai, ndipo aanze.

Kwa hiyo mtu asiniambie mama yangu alikuwa mpole. Kisegi nzima, kijiji chetu, inasema alikuwa mpole. Walimjua nusu. Nusu nyingine aliniwekea mimi.

Naeleza mkono huo ulivyofika hapo kwa sababu nimechoka kusikia ukisimuliwa sokoni na watu ambao hawakuwepo. Wengine husema nilimroga. Wengine husema nilimuuza kwa Wazungu. Wazungu gani! Hakukuwa na Mzungu hata mmoja. Kulikuwa na mimi, na bosi wangu, mwanamke Mkenya kama mimi, na matunda arobaini.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ya katikati. Nilikuwa nimemaliza fomu foo kwa masista kule Asumbi, kemia nimepita vizuri, chuo kikuu nimekikosa kwa pointi moja, na hiyo pointi moja ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kampuni moja ya Nairobi iliyotengeneza krimu za ngozi ikaja Homa Bay, ikakodi vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mali ya mzee mmoja Mwislamu ambaye familia yake ilitoka pwani. Walitaka msaidizi anayejua kupima kwa mililita na anayejua Kijaluo. Nilijua vyote viwili, na kiburi nilikuwa nacho cha kutosha watu watatu.

Bosi tulimwita Madam. Alikuwa mkemia kweli, si wa kujifanya. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hata siku ambazo stima zimepotea tangu juzi, na mpaka leo sijui alifanyaje. Kazi yake ilikuwa kutafuta mimea ya huku kwetu inayoweza kutiwa kwenye krimu ili maji ya ngozi yasikauke. "Kung'arisha ngozi hata mafuta ya kupikia yanaweza," aliniambia siku ya kwanza. "Mimi nataka maji yabaki ndani." Alikuwa na mashine ndogo yenye kichwa kama kalamu. Ukikigusisha kwenye ngozi, namba inatokea: kubwa ikiwa ngozi ina maji, ndogo ikiwa kavu. Niliipenda mashine ile kuliko nilivyowahi kumpenda mvulana yeyote. "Mtu hudanganya," Madam alisema, "ngozi haidanganyi. Ni kama udongo wa shamba. Ikiwa hai, inakunywa. Ukiona krimu imekaa juu tu, ujue hakuna kinachoingia."

Mimea ya kujaribu ilikuwa miwili. Wa kwanza ni ogaka, yaani mshubiri, ambao kila mtu anaujua. Wa pili ulikuwa yago.

Yago ni mti wa kando ya mito, matunda yake marefu yananing'inia kwenye vikonyo, na tunda moja linaweza kuwa zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Watu hulitumia kwa dawa, wengine hata kwa pombe. Lakini kwetu lina kazi nyingine. Mtu akifa na mwili usionekane, amezama ziwani au amepotelea mbali, hatuwezi kuliacha kaburi lake tupu. Tunatafuta yago. Tunalifunga sanda, tunalililia, tunalizika mahali pake. Baada ya hapo mtu huyo amezikwa, na ni asiye na adabu tu atakayeuliza kuna nini mle ndani.

Baba yangu ni yago. Alikuwa seremala. Alivuka kwenda kisiwani kupiga paa la darasa, mashua ikapinduka na mbao zake. Nilikuwa na miaka minane. Mbao zilirudi ufukoni moja moja, yeye hakurudi. Ami zangu wakaenda upande wa Migori wakaleta tunda, likafungwa shuka jeupe, likazikwa mkono wa kulia wa nyumba ya mama. Mimi mwenyewe nilitupa udongo. Tangu siku hiyo mama alilifagia kaburi lile kila asubuhi, na akishamaliza kufagia ndipo alikuwa akijipaka mafuta.

Nilijua haya yote. Hiyo ndiyo hasira yangu ya kwanza, ya kujikasirikia mwenyewe, na nimeitanguliza kabla sijafika kwa wengine. Madam hakujua. Angejuaje, kwao si huku. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Nilikuwa nimefundishwa jina la Kilatini la mti ule, nikadhani ukishajua jina la Kilatini la kitu, mambo mengine yote juu ya kitu hicho yamefutika. Ujinga wa mtu aliyesoma kidogo, hakuna unaoushinda.

Nikatumwa Migori kutafuta matunda. Mbali kule, karibu na mpaka, nikampata mkulima mmoja Mkuria, mtu wa makamo, mwenye miti mitatu ya yago ukingoni mwa shamba lake la tumbaku. Nikamsalimu kwa Kiswahili, nikamwambia natoka upande wa Homa Bay, natafuta yago. Akavua kofia.

"Pole sana, dada," akasema. "Nani amepotea?"

Sikujibu haraka, naye akadhani kunyamaza kwangu ni huzuni.

"Nyinyi watu wa ziwani mkija kutafuta hili tunda, sisi hatuuzi," akasema. "Msiba hauuzwi. Chukua tu."

Akamwita mkewe aniletee uji. Akapanda mwenyewe, akakata lililokuwa kubwa kuliko yote, akaliteremsha kwa kamba ili lisigonge chini. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Na mimi, mwenye cheti cha masista, nilifanya nini? Nilikunywa uji. Ule uji wa msiba niliunywa mpaka chini, nikashukuru. Kisha nikamwambia nahitaji mengine thelathini na tisa.

"Arobaini!" Akashika kichwa. "Mungu wangu! Ni meli gani hiyo imezama na redio haijasema?"

Nikacheka. Nilicheka hadi nikashika mbavu, nikamweleza kwamba ni ya kutengeneza mafuta ya kujipaka. Alinitazama kidogo, akavaa kofia yake.

"Basi hiyo ni biashara," akasema. Akataja bei, na hakupanda tena. Aliita wanawe wayaangushe. Matunda yakawa yanadondoka pu, pu, na kila lilipodondoka mkewe alitazama pembeni. Nilipofika Homa Bay sikumsimulia Madam habari ya kofia wala ya uji. Mtu ambaye hana kosa husimulia.

Tukayakata, tukayasaga, tukayaloweka kwenye spiriti, tukachuja, tukapasha moto polepole mpaka spiriti ikaisha. Mwenye nyumba akapanda ngazi kutuuliza kama tunapika pombe juu ya kichwa chake, na ilibidi Madam amwonyeshe kila sufuria. Kilichobaki mwishoni kilikuwa kitu kizito cha rangi ya kahawia, tukakichanganya kwenye krimu. Basi tukawa na chupa za aina tatu. Namba moja ni krimu tupu. Namba mbili ina ogaka. Namba tatu ina yago.

Wanawake tulioandikisha walikuwa ishirini, kutoka Homa Bay mjini, Oyugis na Kisegi. Kila mmoja alipewa namba yake moja, bila kuambiwa kilichomo. "Wakijua, wataanza kuona wanachotaka kuona," Madam alisema. Mkono wa kushoto unapakwa krimu asubuhi na jioni. Mkono wa kulia haupakwi kitu chochote, hata tone, ili tulinganishe. Kila Ijumaa au Jumamosi napita na mashine yangu napima yote miwili.

Aa, wapi! Mkono wa kulia haupakwi kitu? Mwanamke wa kwetu atoke nje na mkono umepauka, apite mbele ya wakwe zake, mbele ya kanisa zima? Mwanamke aliyepauka huonekana hana mtu wa kumjali, mume hana, watoto hana, hata Mungu amemsahau. Wiki ya kwanza walinijia mikono yote miwili inang'aa kama sahani. Namba za kulia zikawa kubwa kuliko za kushoto. Madam akatupa kalamu.

"Mama, si tulisema huu usipakwe?" nikamuuliza mmoja wa Oyugis.

"Sikuupaka kwa ajili ya kujipaka," akanijibu, bila haya hata kidogo. "Nimeupaka kwa ajili ya kuja kwako. Mtu anaenda kwa mgeni amepauka?"

Nikawafokea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikawafokea wanawake ambao wangeweza kunizaa mara mbili, eti wananiharibia namba. Mmoja wa Kisegi akachukua leso yake akaondoka, na chupa yake ya namba tatu akaiacha juu ya benchi. Madam akasema lazima wawe ishirini. Nikasema mama yangu yuko.

Hapo hamna mwingine wa kumlaumu. Chupa nilizijaza mimi. Ningeweza kumpa mtu mwingine ile namba tatu, nikambadilishia mama namba moja. Niliwaza hilo, nakumbuka hata mahali niliposimama nikiliwaza, karibu na dirisha. Kisha nikasema moyoni, ni mti tu. Tena, mikono ya mama ilikuwa imeharibika kwa kuanika omena, dagaa wa ziwani, juani mwaka nenda mwaka rudi, na namba za chupa ya tatu zilikuwa zimeanza kupanda kuliko za ogaka. Nilitaka apate iliyo bora. Nalisema hili si kwa kujitetea.

Katika wanawake wote ishirini, aliyefuata amri neno kwa neno alikuwa mama yangu peke yake. Mkono wa kulia hakuugusa. Alikwenda sokoni umepauka kama jivu, watu wakamcheka. "Mtoto anafanya kazi kwenye mafuta, mama yake anakaa kama mjusi!" Akawajibu kwamba ni kazi ya mwanawe, na kazi ya mwanawe haiharibiwi naye. Na wa kushoto, yawa, wa kushoto ukawa mkono wa msichana. Nyufa zilifungika. Nilipokiweka kile kichwa cha mashine pale, namba iliruka mpaka nikapima mara ya pili.

"Hii dawa yenu ni nini?" aliniuliza, akiupapasa.

"Siruhusiwi kusema, mama."

"Basi usiseme. Lakini mkimaliza uniwekee chupa."

Nikamwahidi.

Mwisho wa majaribio tuliwaita wote Homa Bay, tukawapa soda na mkate. Madam alikuwa na msimamo wake: mtu aliyejitolea ngozi yake ana haki ya kuambiwa alipakwa nini. Mimi nilikuwa nimeshamsihi tuwape tu shukrani waende. Akanishangaa. Akasimama mbele yao kwa lile koti lake, akasema kwa Kiswahili, nami nikawa naweka kwa Kijaluo.

"Namba moja haikuwa na kitu." Nikatafsiri. Wakacheka.

"Namba mbili ni ogaka." Hilo halikuhitaji tafsiri. Wakapiga makofi.

"Namba tatu, ambayo imeshinda zote, ni yago." Neno hilo Madam hakulitamka vizuri, wakaangaliana, wakanigeukia mimi. Nikasema, "Namba tatu ni tunda la mti wa mtoni."

"Mti gani wa mtoni?" mama mmoja akauliza. "Mto una miti mingi."

Nikajifanya nazipanga chupa. Madam akaona nimekwama, akataka kunisaidia. Akainama chini ya meza, akatoa tunda moja lililobaki, akalibeba kwa mikono miwili, akaliweka mezani mbele ya soda.

Mwanamke mmoja wa namba tatu akaanza kujisugua mkono kwa leso, halafu mwingine. Mama hakujisugua. Alilitazama tunda, akautazama mkono wake, akanitazama.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Mama, ni mti tu, hata dawa watu wana..."

"Sijakuuliza ni nini. Nimekuuliza kama ulijua."

"Nilijua."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. "Kila asubuhi natoka kumfagilia baba yako," akasema, "halafu nakaa mlangoni najipaka yeye."

Madam akanivuta kikoti. "Wanasema nini? Mama huyu amesema nini?" Nikamtafsiria. Tangu yago itajwe, hilo ndilo neno la kwanza nililolitafsiri lilivyo. Madam aliketi.

"Kwa nini hukuniambia?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Ningechukua mti mwingine. Miti imejaa." Halafu akaenda kwa mama, akapiga goti kwenye sakafu pamoja na koti lake jeupe. "Nisamehe, mama. Sikujua."

Mama alikuwa na Kiswahili kidogo cha sokoni, nacho ndicho alichomjibu. "Wewe hapana jua," akasema. "Wewe hapana kosa." Na alipokuwa akisema hivyo hakuwa akimtazama Madam.

Kampuni ilifunga ile kazi, Madam akarudi Nairobi. Mimi nikapata kibarua cha kutunza maabara ya shule moja karibu na Oyugis, na huko nimekaa. Mama aliendelea kunipokea, akinipikia, akiniuliza habari za kazi. Lile jambo hakulitaja tena hata siku moja. Ila kesho yake tu baada ya Homa Bay alianza ule mtindo wa kopo, mkono wa kulia ndiyo, mkono wa kushoto hapana. Na kwetu, mkono wa mama uliopauka ni tusi kwa mtoto wake. Kila aliyepita njiani aliusoma. Ami zangu waliusoma, wachumba wangu wawili waliusoma. Nililia, nikapiga magoti, nikamletea mafuta ya maziwa, nikamletea krimu za bei. Alizishukuru, akazipaka mkono wa kulia.

Siku moja nikashindwa. Nikamfokea mama yangu kwenye mlango wake mwenyewe, majirani wakisikia. Nikamwambia heri anipige, heri anilaani kwa mdomo tuishe, kuliko kunitandika kwa mkono ule kila asubuhi. Nikamwambia yeye si mjane peke yake aliyezika tunda. Nikamwambia baba hakuwemo kwenye chupa, na hata kaburini hayumo, yuko ziwani na samaki walishammaliza.

Hakukasirika. Alifunga kopo.

"Mkono huu una mwenyewe," akasema. Akaenda kuanua omena wake.

Niliyachukulia maneno hayo kuwa matusi zaidi. Nikakaa miezi bila kwenda nyumbani, na nilipokwenda tena tulikuwa watu wa chai na habari za mvua. Ndivyo tulivyoishi mpaka alipougua na kufa, mimi nikiwa Oyugis nasimamia mtihani.

Nilifika wanawake wakiwa wamemaliza kumwosha. Walikuwa wamempaka mafuta, uso, shingo, miguu mpaka nyayo, mkono wa kulia mpaka kwenye kucha. Mke wa ami yangu akanikabidhi kopo.

"Huo wa kushoto hatujaugusa," akaniambia. "Alituagiza. Alisema usiguswe na mtu ila wewe."

Lini, nikamuuliza. Alisema lini? Akasema zamani, mwaka ule ule wa Homa Bay, na amekuwa akirudia kila akiugua. Miaka yote hiyo! Miaka yote hiyo nimekaa mbele yake na kikombe cha chai, nimemsihi, nimemfokea, na hakuwahi kufungua mdomo akasema, haya mwanangu, chukua kopo. Nilitaka kumtingisha pale pale alipolala. Nilisema kwa sauti, mama, ungeniambia, na wale wanawake wakainamisha vichwa, maana wao nao walikuwa wakijua.

Nikaketi. Nikauweka mkono ule kwenye mapaja yangu. Ulikuwa mkavu, nyufa zimeingia mpaka kwenye kiganja. Nikachota mafuta mengi, nikaanza kwenye vidole, nikapanda taratibu mpaka kwenye kiwiko, nikisugua kwa nguvu kama nilivyofundishwa, ili yaingie. Nikangoja kidogo, nikautazama. Nikasugua tena. Mafuta yalikaa juu tu.